Jua la Saa Sita na Mshika Riflekta

Adui mkubwa wa picha za mahafali si mvua wala msongamano. Ni kofia. Ile kofia bapa yenye kishada ina ukingo mpana, na mhitimu anapotoka ukumbini saa sita mchana, ukingo ule humwagia kivuli kuanzia kwenye paji la uso hadi ncha ya pua. Meno yanaonekana, kidevu kinaonekana, macho hayapo. Mama aliyesafiri usiku kucha kwa basi kutoka Songea kuja kushuhudia siku hiyo anarudi kwake na picha ya mwanawe asiye na macho.

Kazi yangu ni picha za namna hiyo: mahafali, harusi, kipaimara, familia zinazotaka kupigwa ufukweni Kigamboni siku ya Idi. Hapa Dar es Salaam wapiga picha tuko wengi, na kila mmoja ana kifaa anachokiapia. Wapo wanaoapa kwa lenzi, wapo wanaoapa kwa flashi. Mimi naapa kwa duara la kitambaa kinachong'aa, lisilo na betri, waya wala kitufe. Sisi tuliomo kazini tunaliita riflekta. Kazi yake ni kulidaka jua linalokwenda kupotelea ardhini na kulirudisha usoni mwa mtu. Ila niseme mapema jambo ambalo muuzaji wa Kariakoo hatakuambia: riflekta ya bei kubwa na ya bei poa hazipishani sana. Kinachotenganisha picha na picha ni mkono wa anayeishika.

Jua halitusubiri

Miongozo mingi ya upigaji picha imeandikwa na watu wanaoishi mbali na ikweta, na ushauri wao wa kwanza ni ule ule: epuka mchana, subiri jua la dhahabu la jioni. Kwao ushauri huo una nafasi. London, mwezi wa Juni, jua hushuka kwa mshazari, na kutoka nyuzi 10 juu ya upeo wa macho hadi kuzama huchukua zaidi ya saa nzima. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, na jua letu hushuka karibu wima. Nyuzi zile zile 10 huisha kwa dakika 40 hivi. Ukiwa na maharusi, wasimamizi, wazazi wa pande mbili na shangazi anayetaka picha yake peke yake, dakika hizo zinakwisha bado unapanga watu.

Na mchana wetu ni mchana kweli. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena karibu na tarehe 10 Oktoba, jua la adhuhuri hupita juu kabisa ya utosi wa mkazi wa Dar es Salaam, na mlingoti uliosimama wima hubaki bila kivuli. Hata Juni, linapokuwa mbali zaidi upande wa kaskazini, saa sita mchana bado limesimama nyuzi 60 hivi juu ya upeo wa macho. Jua la namna hiyo huuchora uso kutoka juu. Paji la uso na mgongo wa pua vinawaka, chini ya nyusi pana mashimo mawili meusi, chini ya pua pana doa, shingo haionekani. Sasa kumbuka kwamba mahafali mengi ya vyuo vikuu vyetu huangukia kati ya Oktoba na Desemba. Kalenda ya masomo na kalenda ya jua zimekula njama dhidi ya mpiga picha.

Mteja naye hapangi saa kwa ajili yangu. Ndoa imefungwa saa nne asubuhi, msafara unafika ufukweni saa sita na nusu, na kabla ya ukumbini jioni bibi harusi lazima apitie saluni kubadili nywele. Muda wa picha ni ule unaobaki katikati, na katikati ndiko jua lilikokaa. Anayesubiri mwanga mzuri hapa mjini atasubiri mpaka maharusi wapate mjukuu. Ni lazima mwanga mzuri utengenezwe kutokana na huu mbaya uliopo.

Mwanga unavyorudishwa

Kanuni ya kwanza tuliisoma sekondari: mwanga ukipiga kioo, hutoka kwa pembe sawa na ile ulioingilia. Upande wa fedha wa riflekta hufanya karibu hivyo hivyo. Unashika miali na kuipeleka sehemu moja, kwa nguvu. Upande mweupe unaitawanya kila mahali, kwa hiyo mwanga unaofika usoni ni mdogo zaidi, lakini ni mpole.

Kanuni ya pili ni ukubwa na umbali. Kivuli hulainika kadiri chanzo cha mwanga kinavyoonekana kikubwa kutoka pale aliposimama mtu. Jua ni kubwa mno, lakini liko umbali wa kilomita milioni 150, hivyo angani ni kiduara cha nusu nyuzi tu, na vivuli vyake vina kingo kali. Riflekta ya sentimita 110 ikiwekwa mita moja kutoka usoni, upana wake mbele ya mtu huyo unazidi ule wa jua zaidi ya mara 100. Hapo mwanga unazunguka shavu taratibu na hauachi mstari. Irudishe nyuma hadi mita tatu, mwanga unapungua na kingo za vivuli zinaanza kurudi. Wengi hudhani ukiisogeza mbali unamlainishia mtu mwanga. Ni kinyume chake. Ukitaka ulaini, sogeza karibu na geuza upande mweupe.

Kanuni ya tatu ni mahali pa kumsimamisha mtu. Anayelitazama jua atafinya macho, hata akiwa mwanajeshi. Kwa hiyo jua nampa mgongo, likae nyuma yake na kando kidogo. Likikaa hapo linamwekea mstari wa mwanga kwenye nywele, mabega na ukingo wa mtandio, na uso unabaki kivulini ukiwa umetulia. Kisha riflekta inaingia kwa mbele, inachukua jua lile lile lililompita na kumrudishia usoni. Jua moja limefanya kazi ya taa mbili, na umeme haujahitajika.

Saa sita kamili, jua likiwa utosini, hakuna nyuma wala mbele. Hapo nina njia mbili. Ya kwanza ni kumwingiza mtu kwenye ukingo wa kivuli cha mwembe, turubai au kibaraza, hatua moja tu ndani, na mshika riflekta asimame nje juani akimpelekea mwanga. Ya pili ni ya wale wenye kofia za mahafali: riflekta inalazwa usawa wa tumbo, upande mweupe juu, ikiinamia kidogo usoni. Mwanga unapanda, unaingia chini ya ule ukingo, na macho yanatoka gizani. Kwa kawaida uso haupendezi kuangaziwa kutoka chini. Tumezoea mwanga wa juu, na anayemulikwa kidevuni anatisha watoto. Lakini jua likiwa kali juu, mwanga mdogo wa chini haubadili sura, unajaza mashimo tu. Kinachotakiwa ni udogo wake, na ndiyo sababu upande wa fedha hauingii hapo.

Watu huniuliza kwa nini nisitumie flashi nikamaliza. Natumia, hasa masika, maana wingu likifunika jua riflekta inabaki kitambaa tu. Lakini flashi huwaka na kuzimika, na matokeo yake unayajua baada ya kubonyeza. Juani pia kamera nyingi hazielewani nayo shata ikizidi kasi ya 1/200 au 1/250 ya sekunde, mpaka uwe na mtambo unaoruhusu. Mwanga wa riflekta umekaa pale pale, unauona kwa macho yako, na mama wa bibi harusi anauona pia. Akisema, "Mwanangu, hapo shingoni bado kuna giza," amesaidia kazi.

Ngozi nyeusi, gauni jeupe

Kamera haijui kwamba mbele yake amesimama bibi harusi. Kipima mwanga chake kinakisia kwamba vyote inavyoviona, vikichanganywa, vinatoa kijivu cha wastani, kinachorudisha asilimia 18 hivi ya mwanga. Gauni jeupe hurudisha mwanga mwingi kupita hapo, na ngozi nyeusi hurudisha kidogo. Ukiifuata kamera kwa ajili ya gauni, uso unazama. Ukiifuata kwa ajili ya uso, gauni linaungua, na shanga zote alizoshonewa kwa wiki kadhaa zinageuka ukuta mweupe. Riflekta iliyoelekezwa usoni, ikalikwepa gauni, inapunguza pengo hilo. Uso unapanda, gauni linabaki lilipo, na vyote viwili vinaingia katika picha moja.

Tatizo hili lina historia. Kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilipima mashine zao kwa kadi ya rejea yenye picha ya mwanamke mzungu. Watu wa kazi waliiita kadi ya Shirley. Rangi ikimkaa vizuri Shirley, mashine ilihesabiwa kuwa sawa kwa wote. Mtafiti wa Kanada Lorna Roth, aliyeifuatilia historia hiyo, ameeleza kwamba Kodak ilianza kushughulikia rangi za kahawia iliyokolea ilipolalamikiwa na watengenezaji wa fanicha na wa chokoleti, ambao mbao zao na bidhaa zao zilitoka vibaya kwenye picha. Sisi wenye ngozi hiyo tulinufaika kwa mgongo wa kabati na peremende.

Filamu ile imeondoka, ila mazoea yake yamebaki katika ushauri. Utasoma kwamba umbo la uso huchorwa na kivuli. Kwenye ngozi nyeupe hilo ni kweli zaidi. Kwenye ngozi nyeusi kivuli na ngozi vinakaribiana, na kinachochora umbo ni mng'ao: ule mwanga unaokaa juu ya mfupa wa shavu, kwenye mgongo wa pua, kwenye mtulinga. Jua lenyewe hutengeneza mng'ao mdogo na mkali, unaofanana na jasho. Riflekta kubwa iliyo karibu hutengeneza mng'ao mpana, unaoteleza juu ya shavu na kuonyesha rangi halisi ya mtu. Ndiyo maana huwa naongea na mpambaji kabla ya safari ya ufukweni. Poda ikizidi, mng'ao wote unakufa na uso unakuwa wa chaki. Namwomba apake kidogo, nami nitembee na tishu za kufutia jasho.

Siku hizi kuna swali jingine: "Si utaing'arisha tu kwenye kompyuta, kaka?" Naweza. Programu huinua kivuli kwa kuburuta kitufe kimoja, na simu zinafanya hivyo zenyewe. Baadhi ya kampuni, Tecno ikiwemo, zimejijengea soko Afrika kwa kamera zinazojitahidi na ngozi nyeusi. Lakini kivuli kilichoinuliwa baadaye huja na chembechembe, na ngozi hupata ukijivu wa majivu ya mkaa. Na kuna kitu ambacho kitufe hakitoi. Tazama mboni za mtu aliyepigwa mbele ya riflekta: ndani yake pana nukta ya mwanga. Nukta hiyo ndiyo inayomfanya aonekane yu hai, anakutazama. Ikikosekana, tabasamu lote linabaki mdomoni.

Duara moja, kazi tano

Riflekta inayouzwa zaidi ni ile ya tano kwa moja. Ndani yake pana kitambaa cheupe chepesi kilichovutwa na waya wa chuma wa springi. Juu yake kuna kava lenye zipu, lenye fedha na weupe upande mmoja wa kugeuza, dhahabu na weusi upande wa pili.

Fedha ni ya nguvu. Inafaa mtu akiwa mbali, akiwa amesimama kivulini sana, au nikitaka vito na hina vionekane. Nyeupe ndiyo ninayoitumia kuliko zote, kwa sababu ni vigumu kuharibu picha nayo, ila inataka ukaribu. Dhahabu inahitaji adabu. Jua likielekea kuzama, mwanga wenyewe umeshakuwa wa dhahabu, na upande huo unaungana nao vizuri. Ukiutumia saa tano asubuhi, mtu anatoka na uso wa rangi ya embe dodo huku mikono yake ikiwa na rangi yake ya siku zote, na gauni linaonekana limefuliwa na kanga inayochuja.

Nyeusi hairudishi kitu, na hiyo ndiyo kazi yake. Siku ya mawingu, au katikati ya kuta nyeupe, mwanga hutoka kila upande na uso unakuwa bapa. Simamisha upande mweusi karibu na shavu moja, mwanga wa upande huo unanyonywa, na mfupa wa shavu unarudi. Cha tano ni kile kitambaa cha ndani, kikishavuliwa kava. Hiki hakirudishi mwanga, kinauchuja. Kikiwekwa kati ya jua na mtu, jua kali linageuka mwanga wa kivulini palepale, bila kumhamisha mtu kutoka kwenye mandhari aliyoyalipia.

Kuhusu saizi, sentimita 80 inamtosha mtu mmoja kuanzia kifuani. Kwa wawili chukua 110 au zaidi. Kwa ukoo mzima wa watu ishirini usijisumbue, tafuta kivuli cha jengo. Na kuikunja kuna ufundi wake: shika kingo mbili zinazoelekeana, zungushia mkono mmoja ndani na mwingine nje mpaka ipate umbo la nane, kisha isukume ijikunje yenyewe kuwa viduara vitatu. Mjomba wa bwana harusi atasema anaweza. Mwache, ni burudani ya bure.

Mkono wa anayeishika

Sasa tufike kwa mtu ambaye jina lake haliandikwi popote kwenye albamu. Ukiinamisha riflekta kwa nyuzi moja, mwali wake unahama nyuzi mbili. Hiyo ni kanuni ile ile ya kioo. Kwa umbali wa mita tatu, mkono ukilegea kwa nyuzi tano tu, mwanga umehama nusu mita: umetoka usoni, umekwenda kuangazia mkoba. Na mtu haachi kusogea, jua haliachi kutembea, upepo haupumziki. Mshika riflekta anapaswa kuviangalia vitatu hivyo kwa pamoja, huku jasho likimtiririka.

Upepo wa pwani una tabia yake. Kaskazi ikivuma, kuanzia Desemba, au kusi katikati ya mwaka, riflekta ya mita moja ni tanga kamili, na atakayeishika kwa vidole itamvuta mpaka majini. Stendi bila mfuko wa mchanga huangukia watu. Msaidizi mzoefu hugeuzia upepo ukingo kila tunapopumzika, hukanyaga sehemu ya chini kwa mguu tunapopiga, na husimama upande ambao, ikimponyoka, haitampiga mteja.

Kijana anayeanza kazi kwangu hufundishwa jambo moja kabla ya mengine: mwanga hauanzii machoni. Kwanza udake jua na ulimwage mchangani, uone lile duara la mwanga limeangukia wapi. Kisha lipandishe polepole, magotini, kiunoni, kifuani, halafu usoni. Anayempiga mtu mwanga wa fedha machoni ghafla amempotezea tabasamu kwa muda mrefu. Kwa wazee kuna utaratibu wa ziada. Msaidizi anasogea, anaamkia, "Shikamoo bibi," anasubiri aitikiwe, ndipo anaeleza: "Fumba macho kidogo bibi, nikihesabu tatu ufumbue." Bibi mmoja alituambia, "Wanangu, hilo bati lenu litanipofusha." Tukageuza upande mweupe, tukaisogeza karibu, akatulia.

Kwa mtu mwenye ualbino, riflekta ya fedha haitolewi kabisa kwenye mfuko. Macho yake huumizwa na mwanga mkali na ngozi yake haina kinga dhidi ya jua. Kwake kazi ni kuchuja: kivuli kizuri, kile kitambaa cha ndani kati yake na jua, na upole wa muda, maana kumsimamisha juani ukitafuta mandhari ni kumdhuru. Ngozi yake yenyewe hupokea mwanga wa kutosha.

Wachumba wenye rangi mbili tofauti ni mtihani mwingine. Bwana ni mweusi tii, bibi ni maji ya kunde. Riflekta ikielekezwa katikati yao, mmoja atawaka na mwingine atazama. Msaidizi anayejua kazi huelekeza kitovu cha mwanga kwa yule mweusi zaidi, na kumwachia mwenzake ukingo tu. Hakuna kitufe cha kufanya hivyo. Ni kiganja, na jicho lililozoea.

Hata nguo ya msaidizi ni riflekta. Akisimama karibu na mteja kivulini amevaa jezi nyekundu ya Simba, shavu la bibi harusi linapata wekundu. Ya Yanga italeta unjano na ukijani, ambao ni mbaya zaidi, na nasema hivyo bila ushabiki. Kazini ni fulana nyeupe au ya kijivu.

Riflekta zisizouzwa

Asiye na fedha ya kuanzia asikate tamaa. Karatasi ya manila nyeupe, ile wanafunzi wanayochorea ramani, ni upande mweupe uliokamilika. Kile kikinga jua cha fedha cha kioo cha gari ni upande wa fedha. Ukiwa na boksi na foili ya jikoni, ikunjekunje foili kwanza, inyooshe, ndipo uigundishe; mikunjo hiyo inatawanya mwanga ili usichome. Mwenye kanzu nyeupe iliyopigwa pasi akisimama juani mbele yako, tayari anakumulika.

Kisha jifunze kuusoma mji. Mji Mkongwe wa Unguja una vichochoro vyembamba na kuta za chokaa. Jua hupiga ukuta mmoja tu, na ukuta huo hummulika kwa upole yeyote aliyesimama kivulini upande wa pili. Msimamishe mtu hapo, mgeuze uso kuelekea ukuta uliowaka, na riflekta yako ni ghorofa mbili. Mchanga mweupe mkavu wa ufukweni hurudisha mwanga mwingi kutoka chini. Ule uliolowa hurudisha kidogo. Nyasi hupeleka ukijani chini ya kidevu. Udongo mwekundu wa bara hupeleka wekundu, ambao kwa ngozi nyeusi wakati mwingine ni zawadi.

Waliotutangulia walilijua hilo kabla ya vitambaa vya kukunja. Seydou Keïta alifungua studio yake Bamako, Mali, mwaka 1948, na akapiga uani, kwa mwanga wa jua, wateja wakiwa mbele ya vitambaa, kimojawapo shuka la kitanda chake. Filamu ilikuwa ghali, hivyo kwa kawaida mteja alipigwa mara moja tu. Picha hizo leo zinaning'inizwa kwenye majumba ya makumbusho duniani. Hakuwa na flashi ya kumwokoa wala kompyuta ya kumsahihishia. Ilimpasa ajue mwanga unatoka wapi kabla ya kugusa kamera.

Hesabu ya mwisho

Mteja anapopewa orodha ya gharama, macho yake huenda moja kwa moja kwenye mstari wa msaidizi. "Huyu wa kushika kitambaa mwondoe, kuna vijana wengi wa familia watashika." Namwelewa, harusi ni gharama, na kushika kitambaa kunaonekana ni kazi ya yeyote mwenye mikono. Lakini kijana wa familia amekuja kusherehekea. Wimbo ukipigwa, riflekta inacheza. Binamu akipita, riflekta inageuka kumsalimia. Na mwanga unakwenda kule anakotazama yeye.

Basi jibu langu huwa moja. Nipo tayari kupunguza idadi ya picha, nipunguze kurasa za albamu, nije na kamera moja badala ya mbili. Mshika riflekta simpunguzi, na malipo yake siyagusi. Ukitafuta mpiga picha kwa ajili ya shughuli yako ya mchana, usimuulize ana kamera gani. Muulize nani atamshikia mwanga, na kama mtu huyo analipwa.